Mwaka wa Kufuma Oksijeni

Tulimzika Cucu, ndivyo tunavyomwita nyanya, kule Kiriaini mwezi uliopita, katika shamba la chai lenye mteremko mkali hata wabeba jeneza walishuka kinyumenyume. Watu walisimama mmoja mmoja kumsifu: kanisa, chama cha akina mama, majirani, wajukuu waliovaa miwani ya jua. Hakuna aliyeutaja mwaka aliokaa Skuta, mjini Nyeri, katika nyumba ya binti yake Mwalimu Nyaguthii, akinifundisha kumwogesha mtoto wangu huku akinigombeza. Nilisimama nyuma nimemshika mkono Shiku wangu, ambaye sasa ana mapengo mdomoni na maswali yasiyoisha, nikahisi hasira yangu ya zamani ikinipanda. Siku hizi ni hasira nzuri, inanipasha moto tu. Mwalimu alikuwa ameketi mbele, fimbo yake nyeupe kati ya magoti. Maombi yalipoisha nikamwendea na kusema, "Pole, Mwalimu." Akaugeuza uso upande wangu. "Mama Shiku. Umenenepa, hata sauti inatoka kwa mtu mkubwa." Tukacheka kando ya kaburi na mashangazi wakatukodolea macho. Basi nikaona kama wao hawausemi mwaka ule, nitauandika mimi.

Mambo ya kwetu siandiki. Itoshe kusema nilimaliza kidato cha nne nikiwa na tumbo, na baba wa mtoto alikuwa mbeba mizigo ya watalii kule Naro Moru, kijana wa miguu mizuri, aliyepanda mlima na wageni na kwangu hakushuka tena. Kila mtu alinipa ushauri mmoja: mpeleke mtoto kwa nyanyake, kisha katafute maisha. Kana kwamba mtoto ni begi la kuachwa kaunta. Nilikuwa nikifuma sweta za watoto wa shule ya chekechea, nyekundu na bluu, na kila aliyekuja kuchukua sweta aliniachia ushauri huo huo. Nilikuwa na hasira hata nikilala. Ndipo mteja mmoja akaniambia kuna mwalimu wa fizikia Skuta ambaye macho yanamwisha na anatafuta mtu wa kumsomea. Nikaenda na mtoto mgongoni, nimejiandaa kufukuzwa.

Alinikuta nimesimama mlangoni, yaani yeye ndiye aliyekuja akipapasa ukuta. "Unasoma Kiingereza?" Nikamwambia nilipata B. "Sijauliza ulipata nini. Nimeuliza kama unasoma." Nikasema nasoma. "Na huyo anayenusa nusa hapo nyuma yako?" Nikamwambia, "Ni wangu. Kama hutaki mtoto uniambie saa hii niende." Akasema, "Nilitaka kujua jina." Nikasema Wanjiku, Shiku kwa kifupi. Akamwita mama yake jikoni, "Maitu, ongeza maji kwa chai, wamekuja wawili." Hivyo ndivyo nilivyoandikwa kazi. Nimeshahojiwa mara nyingi tangu siku ile na watu wenye meza kubwa, na bado nangoja mmoja wao aniulize jina la mtoto.

Nyumba yenyewe ilikuwa na baridi ya Skuta, ile ya ukungu unaoingia chini ya mlango na kukaa kitini kama mgeni. Sebule tuliifanya ofisi. Jikoni ndiko tulikoishi, kwa sababu Cucu alikuwa na jiko la makaa ambalo halikuzimwa, na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, juu yake. Alikuwa ametoka Kiriaini kuja kumtunza bintiye, na hakukubali kukaa bure: mikono yake ilifuma hata akiongea, hata akisali, hata akisinzia. Mimi nilijiona fundi mpaka nilipomwona yeye. Aliweza kuangalia sweta ya mtu anayepita nje na kusema, "Yule ameruka mshono kwapani." Mshono ulioruka ulimuuma kama jino. Niliwahi kumwona akimsimamisha mtoto wa jirani, akamkalisha kwenye ngazi na kumrekebishia sweta ikiwa mwilini.

Mwalimu naye alikuwa na shida moja, na nyumba nzima ilizunguka shida hiyo. Kwa miaka alikuwa akisomea shahada ya udaktari huku akifundisha wasichana. Grafu zote alikuwa ameshazipima mwenyewe katika maabara ya mbali, macho yakiwa bado yake. Kisha sukari ikala jicho la kushoto lote, na la kulia likabaki la kuona mwanga wa dirisha tu. Chuo kilikuwa kimemwongezea muda kwa mara ya mwisho: kabla ya Krismasi aje atetee tasnifu mbele ya watahini, la sivyo jina lifutwe. Grafu alikuwa nazo. Ila hakuweza kuziona, na mtu anayeulizwa kuhusu mchoro hawezi kujibu, "Nakumbuka ulikuwa mzuri."

Alinifundisha kazi yake juu ya meza ya jikoni. Ukipiga gesi kwa mwanga wa leza, alisema, mwanga mwingi unarudi na rangi ile ile. Kidogo sana unarudi na rangi iliyosogea, kwa sababu umekutana na molekuli inayozunguka, ukaiachia nguvu kidogo au ukainyang'anya. Molekuli nayo haizunguki kwa kasi yoyote ile. Inapanda na kushuka kwa ngazi, na kila mruko wa ngazi unaacha mstari wake kwenye grafu. Ndiyo spektra ya Raman, na ndiyo iliyokuwa kwenye zile karatasi nilizokuwa nikimsomea: mistari imesimama kando kando kama vigingi vya ua. Nilimuuliza mbona oksijeni ina mapengo makubwa kuliko alivyosema. Akaniomba viazi viwili na sindano ya kufumia, akavichoma ncha hii na ncha ile.

"Hizi viazi mbili ni viini viwili vya oksijeni. Fumba macho." Nikafumba. "Fumbua. Nimegeuza ama sijageuza?"

"Sijui."

"Hata ulimwengu haujui. Viini vya oksijeni ya kawaida havina spini, havina kitu cha kusema mimi ndio wa kushoto. Kwa hivyo ulimwengu unakataa nusu ya ngazi. Sio ati hiyo mistari ni dhaifu. Haiko. Naitrojeni viini vyake viko na spini, kwa hivyo ngazi zote zinakubaliwa, lakini kundi moja linapewa nafasi mara mbili ya lingine. Ndio unaona mrefu, mfupi, mrefu, mfupi." Halafu akapapasa kwenye droo, akatoa msumari, akausukumiza wote ndani ya kiazi kimoja mpaka ukapotea. "Sasa hii ni isotopu nzito. Kwa nje ni oksijeni tu, unaivuta kifuani kama ile ingine. Lakini hizi mbili hazifanani tena, na mistari yote inarudi. Tena kwa sababu ni nzito inazunguka kivivu, na mistari inasogeleana."

Nikamwambia, kumbe ukiwa tofauti na mwenzako ndipo unasikika wote. Akaweka sindano chini. "Mama Shiku, usinigeuzie hewa iwe mahubiri. Makanisa ni mengi hapa Skuta." Cucu akauliza kutoka kwenye jiko kama hivyo viazi ni vya kupika au ni vya kusomewa, na yule mwenye msumari ajitokeze mapema kabla hajaua mtu.

Kuelewa nilielewa. Kusoma ndiko kulikotushinda. Nilikuwa nakaa sebuleni, Shiku ananyonya, mimi nataja namba: mstari hapa, urefu huu, mstari pale, urefu ule. Mwalimu anaandika kichwani, anapoteza, tunaanza upya. Siku moja mtoto ana homa, nje mvua, nikatupa karatasi mezani. "Nimechoka kutaja namba kama mtu wa bahati nasibu. Wewe unasahau na mimi nakauka koo." Ulikuwa utovu wa adabu na nilijua. Hakukasirika, na hilo likaniudhi zaidi. Alisema polepole, "Siwezi kusikia picha." Nilikaa na neno hilo mpaka nikaona haya. Kisha nikapasua boksi la majani ya chai, nikachukua rula na uzi mzito wa bluu, nikaishona oksijeni yote kwenye kadibodi, kila mstari mahali pake na kwa urefu wake. Nikamshika mkono nikauweka juu. Vidole vyake vilitembea kutoka kushoto, vikasimama, vikatembea. Akafika mwisho akarudi mwanzo. Uso wake siwezi kuueleza vizuri. Ni kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba yake mwenyewe na kukuta vyombo viko pale alipoviacha. Akasema, "Hapa ndio yale mapengo," na akakaa na kidole kwenye pengo muda mrefu, kama unavyoweka kidole kwenye fizi ya mtoto kutafuta jino.

Tangu siku hiyo tulifuma hewa. Oksijeni ya kawaida, oksijeni yenye kiini kizito, naitrojeni na ndugu zake wazito, kila moja na kadi yake. Mimi niliyekuwa nikiambiwa nimeharibu maisha nilikuwa nashona spektra za molekuli, mtoto miguuni akitafuna mabaki ya uzi. Cucu aliangalia kadi zile kwa jicho la fundi. Nilimsikia akinong'onezana na jirani mlangoni: "Ni kazi ya shule ya Nyaguthii. Huyu msichana mkono wake si mbaya, lakini anaruka ruka."

Kaka yake Mwalimu, Muriithi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuja Jumapili moja baada ya ibada. Mimi nilikuwa jikoni nikimlisha Shiku uji wa wimbi, na ukuta ule haukuwahi kuficha neno. "Dada, hii hewa umeisoma sana. Na hewa ni ya bure." Mwalimu akacheka kidogo. "Mimi sicheki, dada. Rudi Kiriaini upumzike. Mtu haoni, udaktari wa nini? Mtu kama wewe anahitaji mkono wa kumshika." Mwalimu akasema mkono anao. "Huyo wa mtoto? Huyo akipata bwana kesho ni mbio. Halafu utasimama mbele ya maprofesa ushike kadibodi kama mtoto wa nasari. Watakucheka, na sisi tutakuwa tumechekwa." Nilingoja Mwalimu amjibu, na hakumjibu. Hilo ndilo lililonitoa jikoni. Nilikuwa nimebeba chupa ya chai mikononi, imejaa mpaka kifuniko. Muriithi akanyoosha kikombe. Nikamwambia, "Chai imeisha, mzee." Akaiangalia chupa, akaniangalia mimi, akachukua kofia yake. Mlango ulipofungwa Mwalimu akasema, "Sasa nimiminie hiyo chai iliyoisha." Lakini alikizungusha kikombe bila kunywa, na nikajua maneno ya Muriithi yameingia. Hakuwahi kuogopa kushindwa. Aliogopa kuchekwa na kadi mkononi.

Wiki za mwisho tulifanya mazoezi. Cucu alikuwa mtahini, ameketi wima na leso kichwani, na swali lake lilikuwa moja: "Na hii imekusaidia na nini?" Mwalimu alimjibu kila siku kwa njia mpya na kila siku Cucu alitikisa kichwa na kusema, "Endelea." Asubuhi yenyewe Shiku aliamka akilia, mimi natafuta viatu, Cucu amevaa nguo ya kanisa ingawa hakuwa anakwenda popote. Kadi alizifunga yeye mwenyewe kwenye leso safi, kwa mpangilio, akanikabidhi kama anavyokabidhi mtu mtoto. Alitubariki wote wawili. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu aliyeamka kabla ya jogoo, na mimi nikadhani ni sala.

Chumba cha chuo kilikuwa na meza ndefu, watahini watatu, na chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Walikuwa wamekubali niketi kando yake kama macho yake, mradi nisiseme kitu. Walizungumza Kiingereza, ninaandika kwa lugha yangu. Mwalimu alianza vizuri. Sauti yake ilikuwa ile ya darasani, hata nikamwona mtahini mmoja akinyoosha mgongo kama mwanafunzi. Kisha yule mrefu, mzee wa sauti ya chini kutoka magharibi mwa nchi, akasema, "Tuanze na rahisi. Oksijeni ya kawaida. Tueleze unachokiona." Aliposema unachokiona alijing'ata, nikamwona. Mwalimu akachukua kadi ya kwanza. Vidole vikaanza kutembea. Vikasimama.

Nikatazama kadi. Mapengo yalikuwa yamejazwa. Katikati ya kila mistari miwili yangu palikuwa na mstari mwingine, uzi ule ule wa bluu, urefu umekadiriwa vizuri kati ya jirani na jirani, na kila mmoja umemalizwa kwa fundo dogo lililofichwa nyuma ambalo mkono mmoja tu duniani ulijua kulifunga. Cucu. Alikuwa ameona mishono imeruka kwenye kazi ya mtoto wake, siku ya kuionyesha kwa watu wakubwa, na akaamka alfajiri kuijaza. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kusema, nilitaka kusimama, nilitaka kwenda Skuta kwa miguu nikaulize mtu mzima kwa nini hakuuliza. Nikamgusa Mwalimu kiwiko. Akasukuma mkono wangu taratibu.

Mtahini wa pili, kijana wa tai, akapekua nakala yake. "Kuna shida?" Nilifikiria Muriithi na kikombe chake. Vidole vya Mwalimu vilirudi mwanzo wa kadi, na safari hii havikuhesabu mistari. Aliweka kidole gumba kwenye mstari wa kwanza na kidole kidogo kwenye wa mwisho, akaunyoosha mkono wote, akapima. Akavuta kadi ya oksijeni nzito, akapima hiyo pia kwa mkono ule ule. Ndipo nikaona kona ya mdomo wake ikipanda.

"Kadi hii ina mistari ambayo sikuipima," alisema. "Oksijeni ya kawaida haina hii ya katikati. Viini viwili ni sawa kabisa na havina spini, kwa hivyo ngazi hizo hazipo." Kijana wa tai akauliza, basi kadi inaonyesha molekuli yenye isotopu mbili? Huenda amechanganya sampuli? Hilo lilikuwa shimo, na hata mimi niliona kingo zake. "Kama ingekuwa kiini kimoja ni kizito, mistari ingejaa hivi hivi," alisema Mwalimu. "Lakini ingesogeleana, kwa sababu molekuli nzito inazunguka polepole. Hii haikusogea hata kidogo. Imejaa kama nzito na imepanuka kama nyepesi. Hakuna gesi ya namna hiyo." Akaweka kadi zote mbili katikati ya meza. "Mama yangu ni mfumaji. Ameona mishono imeruka, akaniokoa. Grafu ya kweli iko kwenye nakala zenu. Lakini shikeni, mtasikia tofauti."

Hakuna aliyecheka. Yule mrefu alivua miwani, akafumba macho, akaweka vidole vyake kwenye kadi moja na kisha nyingine. Alichukua muda wake. Akamsogezea wa tai, naye akafumba macho pia, ingawa yeye alichungulia kidogo. "Mama yako yuko wapi?" mzee akauliza. Mwalimu akasema yuko nyumbani na mtoto. Wakaendelea na maswali mpaka saa ya chakula cha mchana, magumu, ya kweli, na alijibu mengi na moja akasema hajui. Tulitolewa nje kwenye korido tungoje. Alikaa kwenye benchi ameshika mkono wangu kwa nguvu kuliko alivyowahi kuushika barabarani. Nikamwambia, "Nitamwambia Cucu leo. Mimi sitanyamaza. Angekuharibia maisha." Akasema, "Alitaka niende nimependeza." Kisha mlango ukafunguliwa wakatuita.

Njia nzima kurudi Skuta nilipanga maneno yangu. Nilikuwa nayo mengi, na yote yalikuwa ya haki. Tulimkuta Cucu jikoni bado na nguo ya kanisa, Shiku amelala mgongoni kwake, mukimo wa viazi umefunikwa. Hakutuangalia. Alikoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa na kuuliza kama mtu anayeuliza bei ya kabichi, "Walisema nini?"

"Nimepita, maitu," alisema Mwalimu.

Cucu akaacha mwiko. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

"Lakini wamesema kuna mahali kidogo pa kurekebisha," akaongeza Mwalimu, ambaye jopo lilikuwa limemrudishia sura moja ya tasnifu.

Cucu akajifuta mikono kwenye aproni, uso umemtoka wasiwasi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nilijua tu. Ni ile ingine, yenye iko mrefu mfupi, mrefu mfupi. Nilitaka kuisawazisha na uzi ukaniishia. Lete hapa."

Mwalimu alishika ukuta. Alicheka mpaka akateleza akakaa sakafuni, miguu mbele kama msichana, machozi yakimtoka kwenye macho yale yasiyoona, na Shiku akaamka mgongoni mwa Cucu akaanza kucheka naye bila kujua sababu. Cucu alisimama katikati akituangalia mmoja baada ya mwingine. "Nimesema nini?" Nilimtazama mwanamke yule, na yale maneno yangu yote ya haki yakakosa pa kukaa.

"Mama Shiku," Mwalimu akasema kutoka sakafuni, akijipangusa, "mpe maitu uzi."

Nikaenda sebuleni nikauleta ule wa bluu, wote uliobaki, pamoja na sindano.